Nilijitoa Mwenyewe Kikosini Ili Wageni Wawili Wacheze, na Radhi Sijaomba Hadi Leo

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wa kustahili shikamoo angepewa, lakini humu sidhani kama yuko wa kunizidi. Nina miaka tisini na sita. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mwenye haraka apite tu.

Wiki nzima nawasoma mkibishana juu ya wachezaji wapya wa basketboli vyuoni, nani aanze na nani akae benchi. Mmoja wenu akaandika kwamba mgeni lazima asubiri zamu yake. Hapo nikaona siwezi kunyamaza.

Haya yalinipata mimi. Sikuhadithiwa na mtu.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita havijaisha zamani. Mimi ni mtu wa Kisauni, na wakati huo nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu upande wa Changamwe. Chuo chenyewe hakipo tena, msijisumbue kukitafuta.

Mwalimu Mghanga, Mtaita aliyekuwa askari, ndiye aliyetuletea mchezo huu. Aliujua kutoka kwa askari Wamarekani alipokuwa Bara Hindi. Goli letu lilikuwa pete ya chuma ya pipa, imepigiliwa juu ya nguzo. Mpira ulikuwa wa kandanda. Mnaweza kucheka, lakini tulicheza.

Fulana zilikuwa tano tu, za kitambaa cha marekani, kashona fundi wa hapo hapo Changamwe. Ukiivaa wewe wajulikana chuo kizima. Mimi nilikuwa nahodha, na fulana ile nikiifua mwenyewe, sikumpa mtu.

Basi mwaka mpya ukaanza, wakaja wageni. Wawili walinishughulisha.

Wa kwanza ni Charo, Mgiriama wa bara huko Ganze. Mrefu mpaka mlangoni huinama. Raba hana, na goli la kikapu hajawahi kuliona maishani. Lakini mpira ukienda juu, anaushika yeye.

Wa pili ni Bakari, wa Likoni. Mfupi, mkimya, mwenye adabu nyingi. Babake alikuwa mwashi, na Bakari alikulia ujenzini akirusha mawe kwa watu walio juu ya jukwaa. Jiwe lampita mkononi, yeye keshageuka kupokea jingine. Na mpira aliutoa vile vile. Haangalii, lakini unamfikia mtu kifuani.

Sasa tatizo letu sisi wazee wa timu, na nalisema bila haya, kila mmoja alitaka kufunga yeye. Mimi nikiwa wa kwanza. Nikiupata mpira simwoni mtu.

Mwalimu Mghanga akaniambia mabaharia wa meli moja ya Kimarekani iliyotia nanga Kilindini wamekubali kuja kucheza nasi. Zilibaki wiki tatu tu. Akanitaka niwajaribu watu, kisha niandike majina matano ubaoni.

Nikawajaribu kila jioni. Nikimweka Charo chini ya goli nami nikiongoza mpira, Charo hapati kitu, anasimama pale kama mlingoti. Nikitoka, akaongoza Bakari, Charo anafunga. Nikarudia siku ya pili, ya tatu, ya nne. Jibu lile lile.

Wakuu, iliniuma. Kumtoa mwenzako ni rahisi. Kujitoa mwenyewe wakati hakuna aliyekuambia utoke, hilo jaribuni siku moja.

Nikaandika: Bakari, Charo, na wenzangu watatu wa zamani. Akiba: mimi na Kalume. Kalume alikuwa rafiki yangu tangu utotoni Kisauni. Alipousoma ubao aliniangalia tu, akaondoka. Hakusema nami siku nyingi.

Asubuhi yake nikaitwa na Prinsipali. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole wa sauti, na ule upole ndio uliotisha. Akanieleza kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawavai fulana ya chuo. Wageni wa heshima watakuwepo, wamewekewa viti, na yeye hataki kuona mtu aliyetoka porini juzi akicheza miguu mitupu mbele yao.

Akaniambia niende nikafute.

Nikasema, "Nimeandika mimi, bwana. Akitaka kufuta mwingine, afute. Mimi sifuti."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Unahodha ukaisha hapo hapo. Nikapewa panga, nifyeke nyasi mpaka muhula uishe, na barua ikapelekwa kwa baba. Baba akaja kwa miguu kutoka Kisauni, akivuka daraja la Nyali na kisiwa chote, kuniambia niombe radhi. Alisema ualimu wangu ni wa nyumba nzima. Nikamsikiliza hadi mwisho, nikamwambia, baba, nionyeshe kosa niliombee radhi. Akarudi bila kuniaga.

Nilimfuata Mwalimu Mghanga nikidhani atanitetea. Alikuwa akiangalia chini. "Mimi nina watoto wanne," akasema. "Wewe huna." Nilimkasirikia miaka mingi. Baadaye nilipopata wangu, hasira ikaisha yenyewe.

Siku ya mechi ikafika. Prinsipali kapanga kikosi chake: wale watatu, Kalume, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliyetiwa nafasi yangu, maskini, mpira wenyewe alikuwa akiuogopa. Mimi niko pembeni na panga langu. Charo na Bakari wamesimama nyuma ya kamba na watazamaji.

Tulichezewa, wakuu. Mpaka mapumziko mabaharia walikuwa na kumi na nane, sisi nne.

Hapo ndipo Kalume alipovua fulana.

Kalume, niliyemtoa mimi. Aliivua mbele ya viti vya wageni, akaivuka kamba, akampa Charo mkononi. Kisha akaja akaketi nami kwenye nyasi, kifua wazi, wala hakuniangalia. Yule kijana mwingine kuona vile, naye upesi akavua yake, akampa Bakari. Nadhani alishukuru Mungu.

Prinsipali alisimama. Wageni wakamtazama, wakidhani ndio mpango wenyewe. Akaketi.

Kwa hiyo watano walioingia kipindi cha pili walikuwa ni wale wale niliowaandika ubaoni. Hakubadilika hata mmoja.

Bakari alikuwa akiutoa mpira kabla watu hawajajua kama anao. Charo anaupokea juu, anaugeuza, pete inalia. Mabaharia wakaanza kuitana. Jua la saa kumi nalo likawafanyia kazi yake. Mwisho wakashinda wao, ishirini na sita kwa ishirini na moja. Hesabuni wenyewe kipindi cha pili kilikuwa cha nani.

Nahodha wao akamfuata Bakari, akauliza kwa mkalimani amefundishwa wapi kupasi. Bakari akasema, "Kwa babangu, ujenzini."

Kalume, bado hajaniangalia, akaniambia, "Ulikuwa sawa. Lakini ungeniambia mimi kabla ya ubao."

Hilo moja nakubali nilikosea, na yeye nilimwomba radhi pale pale.

Unahodha sikurudishiwa. Nyasi nilifyeka hadi siku ya mwisho ya muhula. Cheti nilipata, nikafundisha miaka thelathini na kitu. Siku ya kuaga, Prinsipali alinipa mkono, akasema mambo yangekuwa mepesi lau ningeomba radhi. Nikamwambia najua, bwana.

Nilichojifunza ni hiki. Mgeni usimuulize amekuja lini. Muulize anaweza nini, umtafutie mahali pa kufanyia hilo, na mahali penyewe pakiwa ni pako, inuka. Ila walio karibu nawe waambie kwanza, kwa mdomo wako.

Wa kuniita mkaidi uwanja ni wenu, andikeni chini hapo. Niliitwa hivyo na watu waliokuwa na uwezo wa kunifukuza, na sikufuta. Na wewe uliyesema mgeni asubiri zamu, nakungoja hasa wewe.