Siku Tuliyomwaga Sabuni Yetu Wenyewe

Asubuhi nilipoona sabuni zimepangwa kwenye dirisha la kioo, kando ya barabara kuu ya Songea, nilivuka nikapita upande wa pili. Sikutaka mtu anione nikizitazama. Ilikuwa miche mirefu, mingine ya bluu, mingine myeupe, imepangwa kama matofali. Juu yake kulikuwa na makopo ya mafuta ya kujipaka, na juu kabisa redio mbili mpya. Mwenye duka, kijana wa Lusewa ambaye baba yake alilima tumbaku, alisimama mlangoni akisalimia wapita njia. Watu walimwitikia bila kupunguza mwendo. Tulikwenda kusimama mbele kidogo, watu kama kumi hivi, tukageuka kumtazama kwa mbali. Nilijua wote tunangoja gari la polisi.

Halikuja. Siku ya pili halikuja, na ya tatu. Siku ya nne mama mmoja mtu mzima aliingia, akatoka na mche mzima wa sabuni, akautembeza mkononi mpaka sokoni bila kuufunika na khanga. Nilimwona nikiwa kazini, nikajikuta natazama barabarani kana kwamba ni mimi niliyeubeba.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuuza katika duka la ushirika, karibu mkabala na dirisha lile. Nasema kuuza, ingawa kwa miezi mingi tulikuwa na majembe, chumvi na viberiti visivyowaka. Lori likileta sabuni au sukari, watu walipanga foleni tangu alfajiri, nasi tulikata mche vipande, kila mtu kipande chake. Waliokosa walirudi nyumbani kufulia majani ya mpapai. Serikali ilikwisha kutangaza kwamba biashara sasa ni ruksa. Tuliisikia redioni sote. Ila kusikia ni kitu kimoja, na kuamini ni kingine, hasa kwa nyumba kama yangu.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Miaka michache kabla ya dirisha lile, wakati wa msako wa walanguzi, alikwenda Mbamba Bay kumsalimia mjomba wake, akarudi na katoni nne za sabuni alizopata kwa watu wa ng'ambo ya ziwa. Alitaka kuziuza polepole kwa majirani. Zilikaa chini ya kitanda chetu siku tatu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikiwa natwanga, waliingia askari wawili na mgambo. Hawakuuliza chochote. Mmoja wao, mrefu mwenye kovu kwenye kidevu, alipiga magoti, akainua shuka, akasema, "Hizi hapa." Walimchukua mume wangu na shati alilokuwa akilishona vifungo kwa mkono bado liko begani. Alikaa mahabusu tangu mvua za kwanza mpaka mahindi yalipokauka mashambani, kisha wakamwachia bila kumweleza lolote. Alirudi amekonda, na hakutaka kuulizwa. Cherehani yake aliitoa kwenye baraza la mjini alikokuwa akishonea, akaihamishia nyumbani kwetu Lizaboni. Tangu hapo katoni hazikuingia ndani. Hata boksi la viatu vya mtoto wetu vya komunio ya kwanza alilichoma siku ile ile tuliyovinunua.

Basi mjini mambo yakawa yanabadilika, na kila badiliko lilinitia hofu upya. Duka la vitabu likawa saluni. Bucha likapakwa rangi likawa mahali pa kuuzia kanda za muziki, spika mbili nje kuanzia asubuhi. Akina mama wakatandika mitumba kando ya barabara, mbele ya macho ya kila mtu. Mwishowe ikawa zamu yetu. Meneja wetu alituita, akatuambia duka la ushirika linafungwa, jengo atapewa mtu binafsi. Tulikabidhi funguo tukiwa watu watano, na baada ya mwezi nikapita nikakuta kaunta niliyoiegemea miaka tisa imejaa chupa za bia.

Nilikaa nyumbani msimu mmoja. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Maposeni, ndiye aliyenisukuma. Mwaka ule alikuwa amevuna mahindi vizuri. Alikuja na mzigo, akanikalisha, akaniambia mimi ndiye mtu pekee katika ukoo aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta, na kwamba atauza magunia kadhaa nipate mtaji. Nilimwuliza nitamwambia nini mume wangu. Akasema nimwambie nimeajiriwa.

Ndivyo nilivyofanya, na sijivuni. Nilipanga fremu ndogo ya duka, chumba kimoja, nyumba ya nne toka kwa kijana wa Lusewa. Nilikata leseni, nikaitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika ukutani, kisha nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: LESENI IPO. Hakuna duka lingine lililoandika hivyo. Bidhaa zililetwa na lori kupitia Makambako: sabuni za miche, sabuni ya unga ya maboksi, betri, ndala, mafuta ya kujipaka. Siku zile za mwanzo sikuweza kula mchana. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilinikausha mate. Mteja akiuliza bei kwa sauti kubwa, nilimjibu kwa kunong'ona.

Mume wangu aliujua ukweli kwa sababu ya ubao. Alipita kwenda kununua nyuzi, akaona mwandiko wangu. Hakuingia. Jioni, watoto wakiwa nje, aliniuliza duka ni la nani. Nikamwambia. Nilidhani atanifokea. Badala yake aliniuliza kama kuna mlango wa nyuma.

"Upo," nikasema.

"Unatokea wapi?"

"Kwenye mtaro."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba chakula.

Tangu wiki ile akaanza kuja. Aliingia kwa mlango huo wa nyuma, akakaa kwenye kigoda pembeni ambapo mtu wa nje hamwoni, akanisaidia kufungua katoni na kupanga. Katoni zikishakuwa tupu alizipasua vipande vidogo vidogo. Nilianza kuona nafuu kuwa naye. Nilifikiri anapona.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na mtaro wa nyuma ulikuwa umejaa maji ya kahawia yanayokwenda kasi kuelekea bondeni. Tulikuwa na wateja wawili, mama mmoja na binti yake, wanachagua ndala. Landrova ya polisi ilikuja ikisogea taratibu, ikapita duka la kanda, ikapita kwa jirani, ikasimama mbele ya mlango wetu. Mlango wa dereva ukafunguka. Niliona mguu, kisha kofia, kisha kidevu chenye kovu.

Yule mama alirudisha ndala kwenye shelfu, akamshika binti yake mkono, akatoka bila kuaga. Nyuma yangu nilisikia kigoda kikianguka. Mume wangu alikuwa amebeba katoni mbili kifuani na kuufungua mlango wa nyuma kwa bega.

Wanangu wanaijua habari hii nusu. Wanajua kwamba baba yao aliogopa akatupa sabuni mtaroni, na wamezoea kuisimulia kwenye sherehe, watu wakicheka. Sikuwahi kuwaambia kwamba mimi nilibeba zaidi yake. Leseni ilikuwa ukutani, ina muhuri, ina jina langu, nilikuwa nimeifuta vumbi asubuhi ile ile. Sikuikumbuka. Nilichokiona mbele yangu ni shuka inayoinuliwa. Nilikumbatia maboksi ya sabuni ya unga nikayamwaga majini, nikarudi, nikabeba miche, nikarudi, nikabeba betri. Tulipishana mlangoni kama watu wanaookoa vitu kwenye moto, ila sisi tulikuwa tunavipeleka kwenye kuharibika. Yule afande alikuwa amekwama nje anaongea na mtu dirishani mwa gari, sijui dakika ngapi. Alipoingia, shelfu zote za sabuni zilikuwa tupu, nami nilikuwa nyuma ya kaunta, nimelowa mpaka mabegani.

Alinisalimia vizuri, akaomba betri nne za redio.

Nikamwambia hamna.

Akatazama shelfu. Akamtazama mume wangu, aliyekuwa amesimama katika mlango wa nyuma, mikono imeshuka, maji yanamchuruzika. Akauliza kama kuna tatizo. Ndipo alipoangalia nyuma ya mume wangu, nami nikageuka kuangalia anachokiona. Sabuni ya unga ilikuwa imeumuka. Povu jeupe lilikuwa limejaa mtaro, linapanda kingo, linapita nyuma ya saluni na nyuma ya duka la kanda, na watu wameanza kutoka kutazama.

Afande alitembea mpaka mlangoni, akasimama karibu na mume wangu. Sijui kama alimkumbuka. Alikuwa ameingia nyumba nyingi mwaka ule. Alitazama povu kwa muda, akavua kofia.

"Mzee," akasema, "siku hizi hatukamati watu wa sabuni."

Mume wangu hakuinua macho. "Na kesho, afande?"

Yule askari alifikiri kweli kweli. Nilimwona akifikiri. Angeweza kusema neno la kututuliza akaenda zake.

"Kesho sijui," akasema. "Mimi hupewa amri tu."

Akavaa kofia, akatoka. Nilisikia gari likiondoka, ndipo nikakaa sakafuni.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa Lusewa. Hakuuliza. Alikunja suruali, akashuka mtaroni na ndoo, akaanza kutuokotea miche iliyonasa kwenye matope. Wengine wakaja, na sitasema wote walikuja kusaidia. Sabuni nyingi iliondoka ndani ya khanga za watu, nami sikuwa na nguvu za kuwafukuza. Betri zilikufa zote. Tulipomaliza, tukiwa tumekaa na miche iliyobaki imelainika kama ugali, nilimwomba kijana yule radhi kwa kumpotezea mchana wake. Nilisema sisi ni watu wajinga, wakati yeye tangu siku ya kwanza aliweka vitu dirishani bila woga.

Alinitazama kwa mshangao. Akasema, "Njoo uone, mama."

Alinipeleka nyuma ya duka lake. Aliondoa mabati mawili na gunia, nikaona shimo limechimbwa refu kupita kimo cha mtu, safi, kingo zimenyooka. Alilichimba la kufichia mali, kabla hajaweka sabuni hata moja dirishani. Akaniambia mwenye saluni analo lake, na kwamba mwenye duka la kanda ana ndugu yake mwenye gari, na wamekubaliana akipigiwa mluzi afanye nini. Alisema alikuwa akifikiri mimi ndiye pekee mtaani nisiyeogopa, kwa vile niliandika LESENI IPO.

Nilirudi nikamweleza mume wangu. Nilitegemea kwamba kujua hivyo kutamwongezea hofu, lakini alisikiliza kwa makini, akauliza shimo lina upana gani, na kwa mara ya kwanza tangu atoke mahabusu nilimwona ametulia. Miaka yote alijiona ni yeye tu mwenye ugonjwa ule.

Asubuhi iliyofuata alivaa shati la kanisani, akaitoa leseni ukutani, akaenda nayo ofisi ya biashara. Nilimfuata. Alimwamkia karani shikamoo ingawa karani alikuwa mdogo kwake, akamwomba amsomee karatasi yote kwa sauti, mpaka maandishi madogo ya chini. Karani alisoma huku anapiga miayo. Alipomaliza, mume wangu alimwomba arudie sehemu ya sabuni na vifaa vya nyumbani. Akarudia. Tukarudi mjini kwa miguu, yeye mbele, leseni kifuani.

Tulianza tena na miche iliyokauka, imepinda na kupoteza rangi, tukaiuza kwa bei ya chini. Dada yangu wa Maposeni alikuja, akasikia yote, akacheka mpaka akalia, kisha akalia bila kucheka. Duka lilidumu miaka minane. Baadaye maduka makubwa ya jumla yalifunguliwa karibu na stendi, mwenye nyumba akataka fremu yake kwa mtu mwenye fedha zaidi, tukahamia kibanda cha Majengo. Kijana wa Lusewa alihamia Dar es Salaam. Shimo lake sijui nani alilifukia, na kama waliojenga ghorofa pale walijua walikuwa wanajaza nini.

Hofu haikumtoka mume wangu. Mpaka anafariki, Landrova ikipunguza mwendo alinyamaza katikati ya sentensi, akangoja ipite, ndipo aendelee. Yangu nayo ipo, imepungua tu. Lakini nakumbuka siku moja, mwaka uliofuata ule wa povu, nilikuwa nimeinama chini ya kaunta natafuta viberiti. Mtawa mmoja wa Hanga aliingia akauliza bei ya mche. Mume wangu alikuwa mbele, kwenye mwanga, kwa kuwa kigoda chake nilikuwa nimekisogeza kwenye kaunta na kukikalia mimi. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akaitaja bei kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya juma, mtawa akasema nipe miwili.

Nilibaki nimeinama kule chini kwa muda, viberiti mkononi, nikimsikiliza anavyofunga sabuni kwenye gazeti.