Maneno ya Dresa Niliyoyameza

Nikisikia harufu ya majivu ya moto yakimwagiwa maji, miguu yangu hutaka kuondoka, hata leo. Ndiyo harufu ya kiangazi cha kwanza baada ya uhuru, bomani kwetu karibu na Khayega. Kila jioni Kukhu, mama mzazi wa baba yangu, alisugua kikombe cha bati cha mama kwa majivu, akakisuuza kwa maji yanayochemka, kisha akakitundika peke yake kwenye kijiti nje ya jiko. Mama alikuwa amerudi kutoka hospitalini mjini Kakamega, alikolazwa tangu Novemba akidungwa sindano za kifua kikuu. Nilidhani angeingia ndani, ambebe mdogo wangu Shivachi ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza, nasi tule pamoja. Badala yake aliongozwa hadi kibanda cha zamani cha kuhifadhia mahindi, kando ya migomba, akaambiwa akae huko.

Kwetu obusuma, yaani ugali, uliwekwa katikati na kila mkono ukamega hapo hapo, wa mtu mzima na wa mtoto. Kutengewa sahani kulikuwa sawa na kuambiwa wewe si wetu tena, na mama alilijua hilo. Lakini Kukhu hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ugonjwa huo ulikuwa umemchukua dada yake na mwanawe wa kwanza, wakati ambapo hakukuwa na sindano yoyote, na hofu ile haikumtoka. Alitoa amri kwamba mama asimguse mtoto mpaka tuonje mahindi mapya, na hayo mahindi yalikuwa hayajapandwa. Baba alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai, kwa hiyo neno la Kukhu lilikuwa ndilo neno. Mimi, mwenye miaka tisa, nilipewa kazi ya kupeleka chakula kibandani. Niliziba pumzi tangu kwenye migomba, nikaweka sahani chini, nikakimbia. Mama aliniona nikifanya hivyo kila siku na hakunikemea hata mara moja.

Mwezi Februari alikuja dresa, yule mhudumu wa afya aliyezunguka kwa baiskeli kuwakagua waliotoka hospitalini. Alikuwa mtu wa upande wa Kisumu, hakujua lugha yetu, na Kukhu hakujua Kiswahili. Basi nikawa mkalimani. Alianza kibandani, akahesabu vidonge vya mama, akaridhika. Kisha akaja jikoni, ambako Kukhu alikuwa amempakata Shivachi kando ya moto, akikohoa kama kawaida yake. Kikohozi hicho tulikiita cha moshi. Kilikuwa cha miaka mingi, na hakuna aliyekisikia tena.

"Mwambie nyanya hivi," dresa alisema. "Mama yako amedungwa sindano tangu Novemba, na tukimpima makohozi hatuoni tena wadudu. Kukohoa kidogo asubuhi si neno. Asirukangi dawa tu. Anaweza kumbeba mtoto leo."

Nilitafsiri mbio mbio kwa furaha. Kukhu alisikiliza akitazama moto, akakohoa tena. Dresa akamtazama kwa muda, akainama kwangu.

"Sasa mwambie na hili. Yeye mwenyewe anakohoanga tangu lini? Anayeambukiza watu ni yule hajaanza dawa. Aje Jumatatu tumpime, na kabla ya hapo asilale na huyu mtoto."

Nilifungua kinywa. Kukhu aliinua macho akaniuliza kwa lugha yetu, "Amesema nini tena?"

Ningewezaje kumwambia Kukhu, aliyekuwa akisugua kikombe cha mama mpaka vidole vikachubuka, kwamba ugonjwa labda ulikuwa kifuani mwake? Alikuwa na fimbo ya mpera karibu na mlango, na ulimi uliouma kuliko fimbo. "Hakusema kingine," nilijibu. Dresa, akidhani ujumbe umefika, alipanda baiskeli akaenda zake.

Tangu hapo sikutulia. Darasani nilichungulia dirishani hata mwalimu akanihamishia mbele. Nyumbani nilianza kufagia ua nikaacha katikati, nikaenda kuchota maji wakati mtungi umejaa. Jumatatu ilikuja ikapita, na nyingine. Kila Kukhu alipokohoa nilihesabu, na alipojifunika blanketi moja na Shivachi nyumbani mle msimo na dirisha, nililala macho nikisikiliza pumzi za mtoto. Niliacha kuziba pumzi kwa mama. Nilianza kuizibia jikoni, kwa siri, kisha nikaona haya.

Mvua za kupanda zilipoanza, Shivachi alikuwa mwepesi, ana joto lisiloisha, hataki uji. Kukhu alisema ni meno. Siku hiyo nilifikisha sahani kibandani, nikashindwa kuondoka. Nilimwambia mama yote nikitazama chini. Hakunipiga. Alisimama, akapita katikati ya ua mchana kweupe, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu Januari, akaingia jikoni na kunyoosha mikono.

"Mama, nipe mtoto wangu," alisema.

Sijui Kukhu aliona nini usoni pake, lakini alimpa. Shivachi alilia akimng'ang'ania Kukhu, kwa sababu huyo mwanamke mwingine hakumjua. Hilo ndilo lililomfanya mama atokwe na machozi, si ugonjwa wala kibanda.

Mama aliwapeleka wote wawili hospitalini, na huko walimkuta Kukhu na kifua kikuu, na mtoto pia. Wote wawili walianzishiwa dawa. Kukhu aliporudi baada ya sindano zake alikwenda moja kwa moja kibandani na mkeka wake. Mama alimfuata, akamshika mkono, akamkalisha mbele ya obusuma pamoja nasi, siku ile ile. Kukhu alimega tonge, akalishika muda mrefu bila kulitia kinywani.

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu hapa mjini aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Siku hizi ni vidonge tu, na baada ya majuma mawili hivi muuguzi alimwambia kwamba kwa kuwa dawa inamfanyia kazi, arudi chuoni, ila asiache kumeza mpaka mwisho. Mama yake bado anamtengea kikombe. Nilimweleza kwamba ugonjwa huu husafiri kwa hewa na si kwa kikombe, kisha nikamuuliza kama kuna mwingine anayekohoa nyumbani. Alishangaa nilivyouliza kwa ukali.

Shivachi ana wajukuu sasa. Alipona kifua, lakini ugonjwa ulikuwa umeshuka kwenye nyonga, naye huchechemea tangu alipojifunza kutembea. Yeye husema alizaliwa hivyo, na Kukhu na mama walikufa bila kumwambia vingine. Karatasi hizi nitampa yeye kwanza. Ndugu yangu, dresa alisema Kukhu apimwe na usilale naye. Aliniambia mimi, nami sikusema.