Nahodha Kwamboka Nyumbani kwa Mama Akong'o

Persis Kwamboka alizaliwa Sironga, Nyamira, ambako maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa ya mvua mtaroni. Alipomwambia babake, Mzee Obadiah, kwamba anataka kusomea ubaharia, mzee alicheka mpaka akakohoa, akamuuliza kama Nyamira imehamishiwa Mombasa bila yeye kuarifiwa. Shangazi zake wa soko la Keumbu walisema huyo sasa amekosa mume. Kelele za chura hizo. Alikwenda.

Alianza kwa kukwangua kutu huku wanaume wakibishana atatoroka wiki ya ngapi. Akawa afisa wa tatu, wa pili, kisha afisa mkuu. Kuna fundi aliyekataa kupokea amri yake. Kwamboka aliirudia mara nne kwa sauti ile ile, ya tano fundi akaenda mwenyewe. Alipofikisha miaka thelathini na tisa akakabidhiwa meli, moja ya zile zinazopeleka chakula na mabomba kwenye mitambo ya kuchimba mafuta katikati ya bahari, huko pwani ya Afrika Magharibi. Mzee Obadiah alichinja mbuzi, akawaambia majirani kwamba binti yake anaendesha kitu kikubwa kuliko kanisa lao.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini wanaopenda kuisema methali hiyo hawajawahi kuwa yule nahodha mmoja siku mambo yanapoharibika.

Mwezi wa tano wimbi lilipanda sitahani likamzoa baharia wake, Oyugi, kijana wa watu aliyekulia Kisii mjini. Walimtafuta saa thelathini na moja. Kisha Kwamboka akatazama bahari ilivyochafuka, akatazama watu wake kumi na watatu wanaosinzia wima, akasema inatosha. Akageuza meli.

Tangu hapo hakuhisi kitu. Hakulia wala hakuota. Aliporudi Sironga likizo babake alimkumbatia mlangoni, naye akahisi koti tu, si mzee mwenyewe. Alikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yake.

Wiki ya saba Mzee Oketch, amu yake Oyugi, alimpigia simu. Kwa Wajaluo, mtu akipotea majini asipatikane, huzikwa tunda la yago badala yake, tunda refu, zito, la kushikwa kwa mikono miwili. Ukoo ulikuwa umepanga kulizika Jumamosi kwao, upande wa Homa Bay. Aliyekataa ni mamake Oyugi, Mama Akong'o, muuza mitumba wa soko la Daraja Mbili, Kisii mjini. Alisema hatazika tunda kabla hajamsikia mtu aliyekuwa huko.

Ofisini walikuwa wamempa Kwamboka maneno ya kusema: utafutaji ulikoma kwa ushauri wa wataalamu. Aliyakariri njia nzima. Yalikuwa maneno mazuri, na yangemtosha mtu yeyote asiye mama.

Alimkuta Mama Akong'o sebuleni, kanga kiunoni, Mzee Oketch kando yake. Yago lilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe.

"Karibu, keti," Mama Akong'o alisema. "Wewe ndio ulikuwa mkubwa wa hiyo meli?"

"Ndiyo, Mama."

"Niliambiwa ni mwanamke, nikasema wananidanganya." Akachomoa bahasha kwenye pindo la kanga. "Nimeletewa barua. Inasema wameacha kutafuta. Nimeuliza kila mtu, wameacha akina nani? Hakuna anajua. Mimi nimefikiria, pengine hakuna mtu aliacha. Pengine bado wanatafuta."

Kwamboka alifungua mdomo aseme habari ya wataalamu. Akaona jinsi mama huyu alivyosogea mbele kwenye kiti, jinsi alivyokuwa akingojea jibu lolote lenye mwanya wa kupenya.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Nilisema inatosha. Nikageuza meli."

"Wewe mwenyewe? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

"Na alikuwa amekufa?"

"Alikuwa amekufa, Mama. Mawimbi yale ni makali. Mtu hamalizi hata saa sita. Sisi tulitafuta thelathini na moja."

Mzee Oketch aliinamisha kichwa. Mama Akong'o hakupiga yowe. Alinyoosha pembe ya kitambaa cheupe chini ya yago.

"Hulii?" akauliza.

"Sijaweza. Sihisi kitu tangu siku hiyo."

"Mimi sitakusamehe leo," Mama Akong'o alisema. "Nisikudanganye. Lakini umekuja, na umesema. Jumamosi utakuja nyumbani usimame na sisi."

"Nitakuja, Mama."

Mzee Oketch alitoa simu awaarifu vijana wa nyumbani waanze kuchimba. Kisha akasita, akaliangalia lile tunda mezani, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya, akimwita Mama Akong'o kwa jina la kwao alikozaliwa, "Nyar Karachuonyo, niwaambie shimo la kiasi gani?"

Mama Akong'o hakumjibu yeye. Alimgeukia Kwamboka.

"Miaka mbili sikumwona. Bado alikuwa anarefuka?"

Kwamboka alimjua kila mtu wake kwa kipimo cha vazi lake la kujiokolea. Ndiyo kazi ya nahodha. Jibu likatoka kabla hajalitafuta.

"Futi sita kasoro inchi moja, Mama."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili akalishika lile tunda, akahisi uzito wake.

"Waambie futi saba," Mama Akong'o akamwambia shemeji yake. "Asije akabanwa."