Tundu la Chini ya Boksi

Nairobi silikoni ndiyo dawa ya kila kitu. Bomba likivuja, dirisha likipitisha upepo, mabati yakitoboka, utaambiwa paka silikoni. Mimi nilikataa hiyo dini mapema. Boksi la mitambo ya intaneti likikaa nje juu ya paa, hata ulizibe vipi, hewa ya ndani inapata joto mchana na kupoa usiku, na asubuhi boksi linatoka jasho. Lazima uache tundu dogo chini, uweke wavu wa kuzuia sisimizi, maji yapate pa kutokea.

Mwenzangu wa kazi hakulipenda tundu lile. Ni kijana wa magharibi mwa Kenya. Kazi nilimfundisha mimi, na kila Ramadhani alifuturu kwetu hadi mama akamtengea bakuli lake la uji. Alikuwa akininong'oneza kwamba wapangaji wakiliona wanatucheka. Nikamwambia waache wacheke.

Mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha Mutuini alitupa ghorofa moja tuifungie intaneti kwa majaribio. Mitambo ikivumilia msimu wa baridi, angenikabidhi nyumba zake zote, mpaka zile za Riruta, nami ningeliaga duka la ami yangu mjini, ambako nilichoka kuuza balbu na kuambiwa mwanamke hapandi ngazi. Niliitaka kazi ile, wallahi. Niliiota hadi usingizini.

Julai intaneti ikazimika. Tukapanda juu sote watatu, mimi, mwenzangu na yule mama. Nilipofungua kifuniko, maji yakanimwagikia viatuni, na mitambo ndani imeshika kutu. Nikapapasa chini ya boksi. Tundu limezibwa kwa silikoni, tena imelainishwa kwa kidole, vizuri kabisa. Funguo za paa zilikuwa mbili tu, wangu na wake.

"Nani ameziba hapa?" nikamuuliza.

Hakunitazama. Alimgeukia yule mama, ambaye husali naye kanisa moja. "Ni yeye, mathe. Mimi nilimwambia aache shimo, akakataa."

Jamani! Maneno niliyomfundisha mwenyewe, ndiyo hayo aliyonipiga nayo. Nilijaribu kujieleza, sauti ikapanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo nilivyoonekana mwongo. Yeye alisimama mpole, kofia mkononi. Yule mama akaninyooshea kiganja, nikampa ufunguo. Akasema ataendelea na huyu kijana.

Kesho yake nilikuwa dukani kwa ami, nimerudi kwenye balbu zangu, simu ikaita. Ni yeye. Nilidhani anaomba msamaha, na kusema kweli moyo ulishaanza kulegea.

"Sista, usikasirike. Ile shimo ya chini, wewe hutoboanga na drili, biti ya ngapi?"

Matusi yote ya kwetu Mombasa yalinijaa mdomoni. Lakini alinijua vizuri, alijua nitamjibu. Nikamwambia biti ya milimita sita, kisha nikakata simu, nikalia mbele ya wateja.