Kompyuta Mbili za Corliss

Verlyn Stromberg alikuwa na wivu, tena wivu wa kukosa usingizi. Wengine huoneana wivu kwa magari, wengine kwa vyeo. Yeye, mzee mzima wa miaka sitini na mitatu, mkazi wa Hillsboro kule Oregon, alimwonea mwanamume mwenzake wivu kwa sababu ya kompyuta ya mkewe. Msicheke. Mkishajua ilivyokuwa hamtacheka, au mtacheka kidogo tu.

Kwa miaka ishirini na tisa Verlyn alifanya kazi kwenye kiwanda cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndani ya vile vyumba visivyoingia hata chembe ya vumbi, amevaa suti nyeupe ya kumfunika toka utosini hadi nyayoni, macho tu yakionekana. Mkewe Corliss alipoanza kufundisha watu kwa video namna ya kushona mablanketi ya viraka, Verlyn alimuundia kompyuta kwa mikono yake, na prosesa aliyoitia ndani ilitoka kwenye mtambo aliokuwa akiusimamia yeye. Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Kila mgeni aliyekanyaga nyumba ile alisimuliwa habari hiyo. Hata fundi wa bomba alisimuliwa, huku maji yanamwagika.

Lakini uzee hauna adabu, na prosesa ikazeeka. Corliss akimaliza kurekodi somo, kompyuta ilichukua nusu saa nzima kuunganisha vipande viwe video moja, naye anakaa anaitazama. Akilalamika, Verlyn humjibu, "Mama, hiyo ni chuma cha kweli. Siku hizi hawatengenezi kama hiyo." Corliss akiomba afundishwe kuunda mpya mwenyewe, mzee humpokonya bisibisi. "Acha, utavunja kitu. Nitakuundia mimi." Mwaka ukaisha, hajaunda.

Ndipo alipojitokeza Glenn Okimoto. Huyu Glenn alifanya kazi mtambo mmoja na Verlyn. Kiwanda kilipopunguza watu, Verlyn alipewa mkono wa kwaheri, Glenn akabakizwa miaka sita zaidi. Hilo peke yake lilikuwa limemkaa Verlyn kooni. Sasa ongeza kwamba Glenn amefiwa na mkewe, ni mpole, ana nywele zake zote kichwani, na humwita Corliss "shemeji" kwa sauti ya upole inayomfanya acheke. Jumanne moja Corliss akaaga kwamba anakwenda kwa Glenn kusaidiwa mambo ya kompyuta mpya. Jumanne ya pili akaenda tena. Ikafika ya nne.

"Mnafanya nini huko saa tatu nzima?" Verlyn aliuliza, macho kwenye gazeti ambalo halisomi.

"Kompyuta, Verlyn."

"Kompyuta mimi naiunda kwa saa moja."

"Najua, mpenzi. Umeniambia mara nyingi."

Roho ilimuuma, jamani! Alisimama dirishani anatazama mvua, anamwona Glenn akilini akiinama juu ya meza, bega kwa bega na Corliss, akimwonyesha hiki na kile. Kwamba mtu mwingine aingize prosesa nyingine kwenye meza ya mke wake! Aliona ni kama kufukuzwa kazi mara ya pili, na mara hii nyumbani kwake.

Basi Corliss mwenyewe ndiye aliyesema, "Kwa nini tusizipime hizo mbili chamani?"

Chama cha waunda kompyuta hukutana Jumamosi asubuhi, ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, kahawa na pai ya matunda ya porini zikiwa pembeni. Pale hakuna kutamba kwa maneno. Ukisema mashine yako ni kali, unaileta, inapewa kazi ileile na ya mwenzako, zinaanzishwa pamoja, na hakuna anayegusa kitu mpaka zimalize. Kila mshindani hukaa mbele ya mashine ya mwenzake, asome joto na kasi yake, ili wizi usiwepo. Mwishoni mwenyekiti huuliza mara tatu: nani kaona kasoro? Aliyeona lazima aseme, hata kama itamnyima ushindi. Verlyn ndiye aliyeitunga kanuni hiyo.

Siku ilipofika, mwenyekiti, Maxine Dufresne, mama mwenye sauti ya kuamsha wafu, alizipa kompyuta zote mbili somo moja la Corliss.

"Wazee na vijana, mpo tayari?" alipaza. "Verlyn, jishike vizuri, leo prosesa yako itapelekwa makumbusho!"

"Tutaona nani ataaibika," Verlyn akanguruma.

Zikaanza. Verlyn aliketi mbele ya ile mpya, kwenye kijiskrini cha joto ambacho yeye tu ndiye aliyekiona. Kasi ikapanda hadi juu kabisa, na moyo wake ukazama. Halafu, sekunde kama kumi tu, joto likafika nyuzi mia, na kasi ikaporomoka mpaka chini kabisa, ikabaki hapohapo inasuasua. Prosesa ilikuwa inajiokoa isiungue.

Verlyn alijua papo hapo. Kipozeo kipya huja na karatasi ya nailoni imebandikwa chini, pale panapogusana na prosesa, na lazima uibandue kabla ya kukifunga. Ukiisahau, joto halina pa kutokea. Ni kosa la mtu anayeunda kompyuta yake ya kwanza. Glenn Okimoto, miaka thelathini na mitano kwenye prosesa, kaacha nailoni! Verlyn nusura acheke kwa sauti.

Prosesa ya zamani ilimaliza kwa dakika thelathini na moja. Mpya ikafika kwa thelathini na nne. Ukumbi mzima ulilipuka.

"Okimoto!" mmoja aliita. "Hiyo umeiokota wapi, jalalani?"

Glenn aliinuka, uso umemwiva. Alimtazama Corliss aliyekuwa kiti cha nyuma, kisha akasema, "Kosa ni langu. Sijui ni nini, lakini ni langu." Akamgeukia Verlyn. "Bwana, joto lilikuwaje?"

"La kawaida," Verlyn akasema.

"Nani kaona kasoro?" Maxine aliuliza. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Verlyn alikuwa anajikatia pai.

Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa mtu wa furaha, anapiga mluzi, anapiga usukani kwa vidole. Corliss alikuwa ameipakata kompyuta mpya. Walipofika aliiweka kwenye meza ya chumba cha kushonea, koti hata hajavua.

"Nilikwambia," Verlyn akasema toka mlangoni. "Huyo Glenn wako hawezi hata kufunga balbu. Kesho mrudishie takataka yake."

"Glenn hakuigusa."

"Nini?"

"Hakuigusa, Verlyn. Hata skrubu moja. Alikaa kwenye kiti chake anakunywa chai, ananiambia nisome maelekezo. Niliiunda mimi." Akatoa karatasi mfukoni, ameikunja mara nne. "Nilikuwa nimeandika cha kusema. Nilitaka nisimame mbele ya wale wote niseme, mke wa Stromberg naye anaunda. Nilitaka usikie." Akaicheka ile karatasi, kicheko kikavu, akaitupa kapuni. "Umesema kweli siku zote. Mimi navunja vitu."

Wivu wote uliomla Verlyn majuma manne ulimtoka kwa mkupuo mmoja, na palepale akatamani urudi, maana kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Alimwona mkewe kaketi mbele ya mashine, ameinamisha kichwa, na akataka jambo moja tu, kumfuta ile aibu upesi.

"Hujavunja kitu, mama. Ni jambo dogo sana! Fungua kipozeo, umeacha nailoni chini yake. Ibandue tu, itakimbia."

Corliss aliinua kichwa taratibu.

"Umejuaje? Haijafunguliwa."

Verlyn alifungua mdomo.

"Joto... lilifika mia."

"Ulisema la kawaida."

Verlyn akasogea, akanyoosha mkono aichukue bisibisi. "Ngoja nikusaidie."

"Usiguse."

Akaifungua mwenyewe, bila haraka, Verlyn kasimama kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Nailoni ilikuwepo kweli, imekunjamana kwa joto. Corliss aliibandua, akafuta, akapaka krimu mpya ya kupitisha joto, akafunga skrubu nne kwa kupishanisha pembe, ndivyo inavyotakiwa. Akaiwasha, akaipa somo lilelile.

Ilimaliza kwa dakika tano na sekunde arobaini.

Corliss aliruka kutoka kitini, mikono juu, kama msichana. Mumewe alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, tayari ameshaanza kutabasamu. Lakini Corliss alichukua simu.

"Glenn! Tano na arobaini! Ndiyo! Ilikuwa nailoni tu, hebu fikiria, nailoni!" Alicheka hadi machozi. Upande wa pili Glenn aliuliza kitu. Kicheko cha Corliss kikakoma, na kwa mara ya kwanza tangu aiwashe mashine alimtazama mumewe.

"Hapana," alimjibu Glenn. "Kasoro aliiona. Tangu mwanzo."