Mbwa Aliyebebeshwa Kifafa

Mtu asije akaniambia nilikuwa naota. Nilikuwa macho, nimevaa miwani, mguu uko kwenye kanyagio la cherehani, na mvua ya alasiri inapiga mabati. Haya niliyaona kwangu Nyamasaria, pembeni mwa mji wa Kisumu, kwenye veranda yangu mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu aliyaona pia, na yeye ni mtu ambaye hata akikutana na mchawi uchi barabarani atasema huyo anasikia joto tu. Muulize. Atakwambia hataki kuzungumza habari hizo, na hilo lenyewe ni jibu.

Bado nina hasira. Nawaambia mapema ili msishangae nikipaza sauti.

Nilikuwa nimepeleka sare za shule Luanda Kotieno, kule ufuoni mwa ziwa. Nikiwa pale ufuoni nangoja pikapu ya omena, wale dagaa wa ziwa, inirudishe mjini, nikasikia kelele. Watu wazima, nasema watu wazima wenye ndevu na watoto, walikuwa wanampiga mbwa mawe. Mbwa mwenyewe yuko chini kati ya nyavu, miguu inajitupa, povu limemjaa mdomoni, amejikojolea. Jicho la kushoto limezibwa na usaha.

"Ana pepo huyo!" mmoja akanipigia kelele. "Mama, toka hapo!"

Ati pepo. Na kama ni pepo, tangu lini jiwe likawa dawa yake?

Sikuwa mpenda mbwa, niaminini. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Kisumu mjini, na kwetu mbwa hakai ndani, na mate yake yakikugusa unaosha vizuri. Lakini tangu madrasa nilifundishwa habari za yule aliyesamehewa madhambi kwa sababu alimnywesha mbwa mwenye kiu. Sikuambiwa aliuliza kwanza kama mbwa ana pepo. Nikasimama katikati ya mawe mpaka wakachoka, mbwa akazinduka akiburuta mguu mmoja wa nyuma, nikamtia kwenye gunia, nikapanda naye nyuma ya pikapu.

Baba Salim, mume wangu, aliliangalia gunia likisogea.

"Hiyo ni nini?"

"Mbwa."

"Wa nani?"

"Wa Mungu."

"Basi Mungu ampeleke kwake."

Lakini kesho yake ndiye aliyembeba mpaka kwa daktari wa mifugo mjini, huku amegeuza uso pembeni. Daktari alimpima, akanipa dawa ya jicho, dawa ya minyoo na vidonge.

"Hiki ni kifafa, mama," akasema. "Hakiponi, kinatulizwa. Vidonge hivi hata watu hupewa hospitalini. Mpe kila asubuhi, usikose hata siku moja. Kaa naye kidogo tu, mimi nitamtafutia mtu."

Kidogo tu! Nani anataka mbwa anayeanguka? Hakuna aliyekuja. Nikamjengea kibanda nyuma ya jiko, nikamwita Subira, kwa maana hiyo ndiyo aliyonifundisha. Alikuwa anaanguka wakati wowote. Ninapika, anaanguka. Mteja anapimwa kiuno, anaanguka. Nilijifunza kumlaza ubavu, kutomtia kitu mdomoni, na kumfuta akizinduka akiwa haoni vizuri na amejaa aibu. Ndiyo, aibu. Mbwa ana aibu, msinicheke. Majirani waliacha kuleta nguo kwangu. Mmoja aliniambia usoni kwamba nimefuga jini. Kidonge nilimfichia ndani ya omena wa kuchemsha, maana ukimpa kitupu anakitema. Hilo sikumwambia mtu. Ni nani angetaka kulijua?

Polepole dawa ikashika. Jicho likafunguka kwanza. Halafu ule mguu wa nyuma aliokuwa akiuburuta ukaanza kukanyaga. Mwisho kuanguka kukapungua, kukawa kwa nadra, kukakoma kabisa. Siku Subira alipomkimbiza kuku wa jirani nilimkemea kwa mdomo huku moyo wangu unacheka.

Ndipo yule mwanaume akaja.

Alikuja kwa miguu kwenye mvua, gari lake ameliacha huko barabara kuu kwa sababu ya tope. Suti nzuri, viatu vizuri vilivyoharibika. Nikajua huyu ni mtu wa Milimani, wa zile nyumba zenye ua mkubwa na askari langoni. Alikuwa anaburuta mguu. Alipofika chini ya veranda akavua kofia, nikaona jicho lake la kushoto limevimba, linatoa usaha.

"Hodi, mama. Wewe ndiye fundi aliyechukua mbwa kule Luanda Kotieno?"

"Karibu. Ndiye mimi."

Nikampa kiti, nikampa chai. Mikono yake ilitetemeka hata chai ikamwagikia suruali. Akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu aliye msikitini:

"Mama, nakuomba, wacha kumpa hiyo dawa."

"Nani amekwambia nampa dawa?"

"Naisikia mdomoni. Kila asubuhi, nikiwa bado kitandani, mdomo unakuwa mchungu." Akameza mate. "Halafu inafuata ladha ya omena."

Ndugu zangu, nilitoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Omena! Watu wa Milimani wanakula mbuta, samaki mkubwa wa ziwa, wanakula nyama. Na omena wangu ni siri yangu mimi na mbwa.

Akanieleza yote, na aliyaeleza kama mtu anayelalamikia huduma mbaya. Tangu utoto wake alikuwa na kifafa. Alikificha shuleni, akakificha kazini. Alipokaribia cheo kikubwa akaogopa kuanguka mbele ya wakubwa. Akaenda kwa mganga mmoja mbali na mji. Mganga akamwambia alete mnyama asiye na kosa, akamtoa ule ugonjwa akamvisha mbwa, pamoja na jicho lililokuwa likimsumbua na mguu uliokuwa ukimuuma. Wakampa mbwa hata jina la bwana mwenyewe ili ugonjwa usipotee njia. Halafu dereva akaagizwa ampeleke mbali kwa boti, mpaka Mbita ng'ambo ya ziwa, ila dereva aliogopa, akamwacha pale Luanda Kotieno akatoroka. Kwa muda mrefu bwana huyu alikuwa mzima kama ng'ombe dume. Akapata cheo chake. Kisha siku moja akaamka jicho limeziba.

"Ulimtibu jicho," akaniambia. "Nikajua, nikaulizia ufuoni mpaka wakanitajia wewe. Halafu mguu. Na wiki hii nimeanguka mbele ya wafanyakazi wangu."

"Rudi kwa mganga wako."

"Alikufa."

"Basi nenda hospitali! Dawa anayokunywa mbwa ni ya watu. Vidonge ni hivyo hivyo!"

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Mtu wa cheo changu apange foleni ya kifafa? Watu watasema nini? Mama, mimi nina watoto wanne. Huyo ni mbwa."

"Na yeye alikubali?"

"Nani?"

"Mbwa. Ulimwuliza?"

Hapo sauti yangu ilikuwa imeshapanda, na Baba Salim akatoka ndani. Na Subira naye, aliposikia nikigomba, akaja kutoka nyuma ya jiko, mkia juu, ajue ni nani ananiudhi. Alipomwona yule mtu mkia ukashuka. Hakubweka. Alijilaza tumbo chini kwenye maji ya mvua, ukingoni mwa veranda.

Yule mtu akainama, akamwita taratibu: "Okoth."

Pale pale kifafa kikamshika mbwa. Miguu ikaanza kujitupa, povu likatoka. Nami nikamtazama mtu. Wallahi nilimtazama. Mikono yake ikatulia. Uvimbe wa jicho ukashuka kama chapati iliyotolewa kwenye moto. Akajinyoosha, akakanyaga kwa miguu yote miwili, akavuta pumzi, akatabasamu. Alitabasamu! Kiumbe kinajigonga kichwa kwenye saruji yangu, naye anatabasamu kama aliyevuliwa kiatu kilichombana.

"Unaona?" akasema. "Ni kitu kidogo tu. Okoth."

Kila akilitaja, mbwa anakazwa zaidi. Ulimi wake ukawa wa buluu. Niliona anakufa.

Sikufikiri. Nilijitupa chini kwenye maji yale na kanzu yangu, nikamkamata kichwa, nikamziba masikio kwa viganja vyote viwili. Mate yake yananitiririkia mpaka kwenye viwiko. Nikampigia kelele yule mtu: "Jina ni lako! Ugonjwa ni wako! Okoth ni wewe! Chukua kilicho chako utoke kwangu!"

Nikasikia mbwa anavuta pumzi chini ya mikono yangu. Miguu yake ikalegea. Na juu yangu nikasikia kikombe kikivunjika.

Alikuwa ameanguka kati ya kiti na cherehani, suti yake na yote, macho yamegeuka meupe, meno yanasagana. Povu lile lile.

Baba Salim akasimama kama mti. "Tufanye nini?"

Nitawaambia ukweli. Kwa muda nilifikiri: tumwache. Tumtupie mawe, kama alivyotupiwa mwingine kwa ajili yake. Hasira ile sijapata kuihisi tena. Lakini mikono yangu ilishazoea kazi hiyo. Tulimlaza ubavu, Baba Salim akaweka kilemba chake chini ya kichwa cha mgonjwa, nikamshikilia mpaka kikapita. Alipozinduka hakujua yuko wapi. Alijitazama suruali, ikiwa imelowa, akaanza kulia. Nikamwambia, "Pole, Okoth." Niliweza kulitaja jina lile bila mbwa kutikisika.

Alitoka akaingia mvuani bila kofia, na dereva wake mpya akaja kumpokea njiani.

Hakurudi tena. Nilisikia kwamba alihamishwa, wengine wakasema aliacha kazi. Kama alikwenda hospitali sijui. Subira aliishi kwangu mpaka akazeeka na kung'oka meno. Kifafa hakikumtoka chote. Alianguka mara moja moja, akanywa vidonge vyake hadi mwisho, na daktari hakuacha kuniambia anamtafutia mtu. Je, kile kilichobaki kilikuwa chake mwenyewe, au mabaki ya bwana yule? Mpaka leo sijui.

Mimi nimebaki na jina. Habari zilitoka, na watu wakaanza kuniita mwanamke anayerudisha magonjwa. Baadhi wananikwepa sokoni. Wengine huja alfajiri kunifungia wanyama kwenye ua na kukimbia: mbuzi anayekohoa, paka aliyepooza, jogoo aliyefungwa uzi mweusi wa mganga mguuni. Nakata uzi, nawapa maji, nawatibu. Simwiti hata mmoja kwa jina aliloletwa nalo. Na kila nikikata uzi najiuliza ni nani huko aliko anaanza kukohoa, na sisikii huruma.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma haya. Ukimkuta mnyama mgonjwa ametupwa, mchukue, lakini mtu akija na adabu nyingi kukuomba usimtibu, mfukuze kabla hajafungua mdomo kuita. Na kama wewe ndiwe mwenye ugonjwa, nawe unatafuta kiumbe kisicho na mdomo wa kukataa, acha. Utapona kwa muda, kisha mtu fulani usiyemjua atamhurumia yule uliyemtwika, na mzigo utajua njia ya nyumbani.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba yule bwana angeweza kuja tu, bila kumtwika mbwa. Angekuja siku yoyote, na suti yake, akae kwenye kile kiti, aniambie, mama, mimi huanguka. Ningemshika kichwa bila kumwuliza cheo chake.