Herufi Iliyomezwa

Apondi, fundi wetu wa mitambo katika redio ya mtandaoni pale Nyakoe, alikuwa na masikio makali na ulimi wa kwao ziwani: kila "sh" kwake ni "s". Shamba ni samba. Anyona, mwenye redio, alimcheka hadi machozi siku alipokataa kubana sauti ya matangazo ishuke hadi kilobiti kumi na sita kwa sekunde, isile data nyingi.

"Watu wanalia bando, Apondi. Bana hiyo kitu."

"Ukibana sana, s ndiyo inakufa kwanza."

"Na wewe bila s utaongea nini?"

Studio nzima tulicheka. Hata mimi msoma habari nilicheka, Mungu anisamehe. Apondi akabonyeza kitufe cha kubana kwa kidole chake mwenyewe.

Siku ya nne ng'ombe aliibwa. Watu wakamkamata Osoro, mchongaji wa mawe kutoka Tabaka, kwa sababu tu alikutwa sokoni na kamba. Kamba ya kufungia vinyago vyake, jamani! Walikuwa wameshampasua mdomo alipowasihi wangoje: naibu wa chifu, Mathew, angeongea redioni saa nne, naye alijua ukweli. Wakatumbukiza simu kwenye ndoo tupu isikike vizuri, wakamkalisha Osoro kando yake.

Mathew alipiga simu studio, akasema kwa Kiswahili chake cha baraza: "Aliyeiba ng'ombe si Osoro. Tunamjua." Laini ikakatika.

Sauti ya mtandaoni huchelewa kidogo. Apondi alikuwa na desturi ya kutusikiliza kwa simu ya bei rahisi, kama wasikilizaji, hivyo alilisikia neno lile wakati mmoja na wao. S ilikuwa imekufa. Ilibaki "i" tupu, na masikio yenye hasira yakaipachika herufi yaliyoitaka. Ni Osoro. Tunamjua.

Alitoka mbio kuelekea sokoni hata viatu hakuvaa, nami nyuma yake. Tulipofika, mmoja alikuwa amemkalia Osoro kifuani, mwingine akimponda kichwa kwa kiboko wa jiwe ambaye Osoro mwenyewe alimchonga. Apondi akajitupa juu ya Osoro. "Si! Si Osoro! Si!"

"Huyu wa ziwani anatetea mwizi!"

Rungu la kwanza lilimvunja mkono, la pili bega. Hakumwachilia. Osoro alikata roho chini yake, damu ikiwaloanisha wote wawili, na simu ndooni ikiendelea kucheza nyimbo za kwaya.

Wiki mbili baadaye Nyanchera, mama yake Osoro, alikuja studio. Apondi, mkono ukiwa kwenye plasta, akamchezea rekodi iliyobaki kwenye mtambo wetu, ile ambayo haikubanwa. S ilikuwa pale, nzima kabisa.

Anyona akadakia, "Umesikia, mama? Redio haikukosea."

Nilitamani kumzaba kofi. Nyanchera hata hakumgeukia, alimtazama Apondi.

"Hii mlikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo, mama."

"Sasa mbona mlimpea mtoto wangu ile ingine?"